Meza ya Uani na Magoti ya Mama



Kwa majuma kadhaa sasa kina dada wamekuwa wakiniuliza, baada ya darsa na hata arusini, habari za meza na viti vilivyoko uani petu: ni vya mbao gani, vimetengenezwa wapi, na kama kweli vimezistahimili mvua za masika bila ya kuoza. Nimeona afadhali nijibu mara moja kwa kalamu kuliko kuirudia hadithi ile ile mlango hadi mlango. Lakini jibu langu halianzi kwa seremala. Linaanza na magoti ya mama yangu.

Sisi ni watu wa mkeka. Nyumbani kwetu, kama kwa wengi wenu, chakula cha jioni huliwa chini: jamvi hutandikwa, juu yake mkeka wa ukindu, sinia likawekwa katikati na watu wakalizunguka. Wakati wa joto la kaskazi hakuna awezaye kula ndani kwa raha, basi tunahamia uani, upepo unakopita. Mama alikuwa na mahali pake panapojulikana, na mkono wake ndio uliokuwa ukimvunja samaki na kuisogeza minofu mbele ya wajukuu. Kisha magoti yakamshinda. Kwanza alihitaji mkono mmoja wa kumwinua, baadaye miwili. Daktari akamkataza kukunja miguu chini na kuchutama. Katika Sala Mwenyezi Mungu amewawekea wepesi wenye udhuru, naye anaswali juu ya kiti; katika kula hakujiwekea wepesi wowote. Alianza kusema kwamba ameshiba. Akaanza kusema kwamba atakula baadaye. Mara kadhaa nilipoingia kuongeza mchuzi nilimkuta jikoni kitini, sahani mapajani, akila peke yake huku akitusikiliza tukicheka nje.

Jambo hilo si dogo. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba masahaba walimlalamikia Mtume (S.A.W.) kuwa wanakula wala hawashibi. Akawauliza kama huenda wanakula mbalimbali. Walipokubali kuwa ndivyo, akawaamrisha wakusanyike juu ya chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, wapate baraka ndani yake. Nyumba yetu ilikuwa inakusanyika, naam, ila aliyetufunza kukusanyika alikuwa nje ya duara.

Nilipotaja meza, wa kwanza kuikataa alikuwa yeye mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia, "meza huleta sahani, na sahani huleta kila mtu na lake."

Sikuipuuza kauli hiyo, kwani nimeyaona majumba ambamo sinia limegeuzwa pambo la ukutani. Tena alikuwa na hoja ya pili, ya dini, nayo ina msingi: imo katika Sahih Bukhari, kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) hakuwa akila juu ya meza, bali juu ya sufra iliyotandikwa. Wanavyuoni hawakuacha kulizungumza hilo. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia, anasema katika mlango wa adabu za kula wa Ihya Ulum al-Din kwamba kula chini juu ya sufra ndiko kulikokaribu zaidi na unyenyekevu. Hata hivyo haiharamishi meza, wala haiiti makuruhu. Si kila jambo jipya huwa ovu kwa upya wake, na meza, kwa maelezo yake, si chochote ila kukiinua chakula kutoka ardhini ili iwe rahisi kukila. Wepesi huo ndio hasa tuliokuwa tukiutafuta. Na tukumbuke kwamba Sura ya tano ya Qur'ani inaitwa Al-Maida, meza iliyoandaliwa, kwa kisa cha wanafunzi wa Nabii Isa (A.S.) walioomba wateremshiwe meza ya chakula kutoka mbinguni. (Neno letu la Kiswahili limepita njia nyingine: "meza" tuliachiwa na Wareno, wale wale waliojenga ngome ya Mombasa kati ya 1593 na 1596, pamoja na "leso" na "bendera".)

Basi tuliafikiana na Mama kwa sharti moja. Meza itakuja, lakini itakuja kulibeba sinia, siyo kuliondoa. Tangu siku hiyo sikuwa tena natafuta seti nzuri ya kupamba ua. Nilikuwa natafuta kitu cha vipimo maalumu: kimfae mwenye goti bovu kuliko wote, na kilipe sinia nafasi yake katikati.

Wazo la kwanza lilikuwa kujenga baraza. Wazee wetu walikuwa na fanicha yao ya nje ambayo hakuna duka linaloweza kushindana nayo. Nyumba za kale za Lamu zina daka mlangoni lenye mabaraza ya mawe kila upande, na ndani kiwanda kilicho wazi juu kwa mwanga na hewa. Jiwe la matumbawe lililopakwa chokaa halioti kutu, haliliwi na mchwa, wala halipeperushwi na kusi. Lakini baraza huwaketisha watu safu moja, mgongo ukutani. Ni mahali pa kahawa na mazungumzo. Sinia lataka duara. Nikaliacha.

Baba watoto alishauri viti vya plastiki, na sote tunavijua, maana ndivyo vinavyokodishwa katika arusi na matanga. Ni vyepesi, hupangwa kimoja juu ya kingine, na mvua haivifanyi kitu. Adui yake ni jua. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa Ikweta, na miale inayochoma ngozi huila plastiki polepole: kwanza rangi hupauka, kisha ukipitisha mkono unabaki na unga kiganjani, na siku moja mguu unapasuka bila ya taarifa. Kijana akianguka atacheka. Mzee akianguka huenda akavunjika nyonga. Hoja yangu ilikuwa hiyo, wala sikuhitaji nyingine.

Madukani nilikaa zaidi kwenye vyuma, kwa sababu ndivyo vinavyovutia macho. Hewa yetu imebeba chumvi, na chumvi huuvuta unyevu na kuukalisha juu ya chuma. Rangi ikichubuka kidogo tu, hasa pale vyuma vilipounganishwa kwa moto, kutu hupata mlango. Miguu iliyo mitupu ndani kama bomba ni mibaya zaidi, kwani maji huingia yakakaa humo, na kutu hula kutokea ndani huku nje kukingali kunang'aa. Muuzaji wa duka moja mjini aliniapia kwamba seti yake ni ya chuma kisichoshika kutu. Huenda alisema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake, lakini chuma hicho nacho kina daraja. Kile cha namba 304, cha masinki na masufuria, karibu na bahari huota madoa ya hudhurungi. Cha namba 316 kimetiwa molibdenamu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, nayo hukipa nguvu dhidi ya chumvi; ndicho kinachotumiwa katika vyombo vya baharini. Nilipomwuliza chake ni namba ngapi alinijibu kwamba ni cha namba nzuri.

Tangu hapo nikawa natembea na sumaku ndogo mkobani, ile ya kubandika karatasi kwenye friji, na nawanasihi mfanye hivyo. Chuma cha kawaida huinasa sumaku mara moja, hata kikivishwa rangi ya kifahari. Alumini haiinasi. Alumini ni madini mema kwa pwani, kwani hujivika utando wake mwembamba unaoizuia isiendelee kuliwa, wala haishiki kutu kama chuma. Angalieni tu bolti zake: zikiwa za chuma cha kawaida huoza, na mgusano wa madini mawili tofauti katika maji ya chumvi huharakisha kuharibika. Sumaku hiyo hiyo ilinifichulia siri ya viti vinavyofanana na henzirani vilivyosukwa kwa utepe wa plastiki. Viwili vinavyofanana kama pacha, kimoja kilikuwa na mifupa ya alumini na cha pili ya chuma. Henzirani ya kweli, pamoja na uzuri wake, ni ya ukumbini; mvua ikiipiga huota ukungu.

Nilikaribia kununua alumini. Kilichonizuia ni wepesi wake. Mama hujiinua kwa kusukuma mikono ya kiti, na kiti chepesi humkimbia mtu nyuma yake. Pia, kila seti niliyoiona ilikuwa na meza ya mstatili yenye kioo juu na viti vinane. Kioo uani penye watoto wanaocheza mpira! Na viti vinane vya nini kwa familia ya watu saba ambao wawili bado hawafiki mezani?

Ndipo nikaenda kwa mafundi wa kando ya barabara, nikampata mzee mmoja aliyetumia ujana wake kukarabati majahazi. Hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliniuliza bahari iko umbali gani, na ni nani atakayekaa.

Kwake nilijifunza kwamba kutaja jina la mti hakutoshi. Saipresi ya bara, aliniambia, ni ya vitanda na kabati. Nje haichukui muda. Mvule na mbambakofi ndizo mbao zilizotumika katika milango na majahazi ya pwani hii kwa muda mrefu, na mtiki unaotoka mashamba ya Tanga una mafuta yake ya asili yanayoyakataa maji. Mwarobaini si wa dawa tu, mbao zake ni chungu na wadudu hawazipendi. Lakini katika miti yote hiyo ubora uko kwenye kiini. Ile sehemu nyeupe ya pembeni, karibu na gome, huliwa na mchwa hata ikiwa ya mvule, na fundi asiye mwaminifu huificha chini ya rangi nzito. Ombeni kuziona mbao kabla hazijapakwa chochote.

Yeye alikuwa na mbao kuukuu za mvule kutoka nyumba iliyobomolewa, zenye matundu ya misumari ya zamani. Mbao za namna hiyo zimekwisha kukauka kwa miongo mingi, hazipindi tena wala hazipasuki, na hakuna mti mpya unaoangushwa kwa ajili yake. Nikazipenda, matundu na yote. Viungo alivifanya kwa ulimi wa mbao unaoingia katika tundu, na palipohitaji bolti alitumia zile za maboti. Msumari wa chuma, alisema, huulilia mvule machozi meusi. Na kweli alinionyesha ubao uliokuwa na michirizi kama ya wino.

Siku ya kupima alikuja nyumbani. Nawaomba mlisisitize hili kwa fundi yeyote mtakayemwita: asipime meza, ampime mtu. Alikiweka kiti cha jikoni juu ya sakafu ya ua, akamwambia Mama, "Keti, bibi, kisha simama bila ya kushikwa." Mama aliketi, hakuweza kusimama. Fundi akaweka ubao juu ya kiti, akamwomba ajaribu tena. Ubao wa pili. Ubao wa tatu, na Mama akasimama mwenyewe, akabaki amesimama akitutazama kana kwamba tumemficha jambo hilo siku zote. Fundi alipima: sentimita 47, na nyayo zake bado zilikuwa zimetulia sakafuni. Viti vya kawaida huwa kati ya 43 na 45. Tofauti ya vidole viwili tu ndiyo iliyokuwa ikimla mama yangu jikoni.

Mikono ya kiti chake inafika mbele hadi ukingo wa kikalio, ili apate pa kusukuma. Vingine vitatu ni vya sentimita 44, na watoto wana benchi lao. Urefu wa meza ni sentimita 74; kati ya kikalio na meza pabaki nafasi ya sentimita 27 hadi 30, la sivyo mapaja yatabanwa. Mwambieni fundi ubao unaoshikilia miguu chini ya meza uwe mwembamba na urudi ndani, kwani huo ndio mara nyingi huila nafasi hiyo.

Kuhusu sinia, hesabu ilikuwa rahisi. Sinia letu kubwa, la biriani na la futari ya wageni, lina kipenyo cha sentimita 70. Meza ya duara ya sentimita 130 huacha sentimita 30 kila upande kwa gilasi, achari na bakuli la uji, na mkono wa mtu mzima hulifikia sinia bila ya kuinuka. Mzingo wake ni kama mita 4, na kila mtu akipewa sentimita 60 wanaketi sita kwa nafasi. Wadogo wakibanana, saba na wanane. Mbao za juu zimeachana kidogo ili maji ya mvua yapite. Fundi alitaka mwanya wa upana wa kidole. Nikakataa, nikamwambia aache unene wa shilingi, maana wali ukidondokea hapo kila siku tutakuwa tunawafuturisha siafu.

Bado kulikuwa na stara. Jirani wamejenga ghorofa nne, na madirisha yake yanatazama moja kwa moja uani petu. Wauzaji wa seti za nje hawalizungumzi hili kamwe. Picha zao zina bustani pana na hakuna mtu. Kwetu, meza isiyo na stara ni meza ya wanaume. Wanawake watakula na buibui katika nyumba yao wenyewe, jasho likiwatoka, kisha taratibu watarudi ndani. Tulisimamisha kiunzi cha miti ya mvinje upande wa ghorofa, tukakiezeka makuti juu na ubavuni, na chini yake nikapanda asumini itambae. Kivuli hicho kimezinusuru mbao na jua vilevile, na matakia hayapauki. Matakia yenyewe ni ya kufunga kwa kamba na kufungua. Usiku huingia ndani, kwa sababu sifongo iliyonyonya umande haikauki kwa siku moja, nayo huanza kunuka.

Gharama sitaificha: ilizidi mara tatu ya seti ya plastiki, na tuliilipa kwa mafungu matatu. Baba watoto aliuliza, na ilikuwa haki yake kuuliza, kama huo si israfu. Tulikaa tukahesabu. Seti yetu ya plastiki ya mwanzo ilidumu miaka mitatu, na kabla ya hapo viti viwili vilikwisha kuvunjika. Kwangu mimi israfu ingekuwa vile viti vinane na kioo. Tulitengeneza viti tunavyovikalia na hakuna kimoja cha ziada.

Utunzaji wake ni mwepesi, ila una masharti. Futeni chumvi kila wiki kwa kitambaa na maji matamu, si ya kisima, kwani visima vyetu vingi vina chumvi na mtakuwa mnaiongeza badala ya kuiondoa. Msipake vanishi nje; jua huibambua, maji yakaingia chini yake yakakwama. Sisi hupaka mafuta ya kitani mara mbili kwa mwaka, Machi kabla ya masika na tena kusi inapotulia. Matambara ya mafuta hayo msiyafumbate yakiwa mabichi mkayatupa pembeni, kwani hupata joto yenyewe na huweza kuwaka moto, yatandazeni yakauke. Asiyependa kupaka aache tu: mvule utageuka rangi ya kijivu, na rangi hiyo haidhuru chochote. Chini ya kila mguu wekeni kipande cha plastiki ngumu, maana mbao hunywa maji kupitia mwisho wake uliokatwa.

Mkeka haujahama nyumbani. Ijumaa, wageni wakiwa wengi, hutandikwa ubavuni mwa meza, na vijana hula chini. Mama hubaki kitini, sinia mbele yake, na wajukuu wamegundua kwamba minofu bora ya samaki iko juu, kwa hivyo benchi halina nafasi tena. Katikati ya meza kumeota alama ya mviringo pale sinia linapokaa. Fundi alisema anaweza kuitoa kwa msasa. Mama amemkataza asiiguse.

Wale mnaotaka kuja kuketi kabla ya kuagiza chenu, karibuni baada ya Alasiri siku yoyote isipokuwa Alhamisi. Njooni na kipimo cha sinia lenu, na mkiwa na mzee nyumbani, njooni naye.